Uvunaji wa Nyani

Kwa miaka miwili nyani walikuwa wakiingia majikoni kwa watu wa mtaa wa nyuma ya dampo, na kwa miaka miwili mimi nilikuwa nikipokea barua za malalamiko, nikizigonga muhuri na kuzipandisha ghorofani. Mama mmoja, fundi cherehani, aliandika barua tisa. Katika ile ya tisa alieleza kwamba dume moja lilifungua friji lake, likachagua lilichokitaka, kisha likafunga mlango. "Lina adabu kuliko wanangu," aliandika, "lakini hata hivyo naomba msaada." Barua zote tisa zilirudi na neno moja la wino mwekundu: Imeonekana.

Kisha Jumatatu moja, saa nne asubuhi, nyani aliingia ofisini kwa Meya kupitia dirishani. Akakaa kwenye kile kiti cha kuzunguka, akazunguka mara mbili, akala keki iliyoandaliwa kwa ajili ya wageni, akaondoka na miwani ya Meya. Saa tano ikatangazwa hali ya dharura.

Mimi ni daktari wa mifugo wa manispaa. Watu wananiita Mama Chanjo, kwa sababu kila mwaka nazunguka mitaani na kisanduku cha barafu nikichanja mbwa. Ofisi yangu iko chini ya ngazi, kati ya stoo ya mafaili na choo cha wanaume. Ina meza moja, kabati la dawa lenye kufuli, na kalenda ya dawa ya kupe yenye picha ya ng'ombe aliyeshiba kuliko ng'ombe yeyote niliyewahi kumtibu. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, nilipanda ghorofani pamoja na barua zangu.

Nilikuwa nimeandika ripoti ya kurasa tatu. Tuelewane hapa: sikuwa mtetezi wa nyani. Nimewachoma sindano ya mwisho mbwa wengi wenye kichaa, nikarudi nyumbani nikala, nikalala usingizi wangu. Nilichosema mbele ya baraza ni kwamba nyani wanashuka mlimani kwa sababu dampo liko wazi. Lizungushiwe uzio. Takataka zifukiwe kwa udongo kila jioni. Baada ya hapo, wakibaki madume mawili matatu yaliyozoea majiko ya watu, aletwe askari wa wanyamapori mwenye shabaha ayaue, kila moja risasi yake, asubuhi moja, bila mbwembwe.

"Ayapunguze," alisema Katibu, bila kuinua uso kwenye muhtasari wake.

"Samahani?"

"Hapa hatusemi ayaue. Tunasema ayapunguze."

Meya alikuwa amekunja uso, maana bila miwani alituona sote kama ukungu. Akauliza uzio utachukua muda gani. Nikamjibu miezi miwili. Akauliza kama wale nyani wanajua yeye ni nani. Katibu aliliandika swali hilo kwenye muhtasari.

Hapo ndipo aliposimama shemeji yangu. Ni mdogo wa mume wangu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mjumbe wa baraza, na juu ya yote hayo, mwenyekiti wa Chama cha Wawindaji Waungwana. Chama kina wanachama kumi na wanne: daktari wa meno, wakandarasi wawili, mwalimu mkuu mstaafu, muuza majeneza, bwana mmoja wa bima, na wengine wa aina hiyo. Kilikuwa na umri wa miaka mitatu, na kwa kadiri nijuavyo, kitu pekee walichokuwa wamewahi kuwinda ni wafadhili.

"Waheshimiwa," alisema shemeji, akifunga kifungo cha koti, "wanachama wangu wako tayari kuvuna."

"Kuvuna nini?" aliuliza Meya.

"Nyani."

"Huvunwa kilichopandwa," nikasema. "Hao nyani kawapanda nani?"

Katibu alicheka, kisha akakumbuka kwamba yuko kazini. Lakini lile neno lilikuwa limeshawakaa watu mdomoni kama pipi. Meya alilirudia mara tatu. Mjumbe mmoja akaongeza "endelevu". Mwingine akapendekeza siku yenyewe iwe na mahema na vipaza sauti. Kufika saa sita, ripoti yangu ya kurasa tatu ilikuwa imewekewa kikombe cha chai juu yake, na baraza limepitisha kwa kauli moja Siku ya Uvunaji Endelevu.

*

Jumapili ukoo wa mume wangu hukusanyika kula kwa mama mkwe. Mume wangu ni mwalimu wa hesabu, mtu wa maneno machache. Hukaa mwisho wa meza akisahihisha madaftari huku anatafuna. Shemeji aliingia amevaa nguo mpya za kijani kibichi, zenye mifuko kila mahali mfuko unapoweza kushonwa. Nilihesabu kumi na sita, bila ile ya nyuma.

"Unatia nini humo?" aliuliza mama mkwe.

"Risasi, Mama. Na kisu. Na dira."

"Dira? Dampo si lile pale? Mimi nalijua kwa pua nikiwa kitandani."

Shemeji alicheka kwa upole wa mtu aliyezoea kutoeleweka nyumbani. Akatoa bunduki kwenye ala yake, akaiweka mezani kati ya bakuli la wali na la mboga. Ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Mti wake uling'aa kuliko samani zote za mule ndani.

"Toa chuma chako kwenye chakula," alisema mama mkwe. Kilipotolewa, akauliza: "Huyo nyani ukishampiga, utamla?"

"Nyani haliwi, Mama."

"Ngozi yake?"

"Haina kazi."

"Sasa?"

"Ni mchezo, Mama. Dunia nzima wanacheza. Kuna kanuni zake, kuna heshima zake."

"Mchezo," alisema mama mkwe. "Na huyo nyani kaambiwa kwamba mnacheza?"

Mume wangu akaacha kusahihisha. Shemeji akavuta pumzi. Akaeleza kwamba mwindaji wa kweli anampenda mnyama, kwamba wawindaji ndio wahifadhi hasa, na kwamba mtu hawezi kulenga kiumbe asichokipenda.

"Marehemu baba yenu alinipenda miaka arobaini," alisema mama mkwe. "Sikumbuki akinipiga risasi hata siku moja."

Asidhani mtu kwamba mama mkwe alikuwa upande wa nyani. Walimwibia mayai, wakamvunjia sufuria, na dume moja liliwahi kumwonyesha matako akiwa anasali. "Mimi siwataki," alisema huku akipakua. "Waondoeni. Lakini kazi chafu hufanywa kama kuzibua choo. Hajavaa mtu nguo mpya kwenda kuzibua choo."

Baada ya chakula shemeji alinifuata kwenye sinki la vyombo. Hajawahi kunifuata huko maisha yake yote, nikajua ana shida. Kibali kutoka idara ya wanyamapori kilihitaji saini ya daktari wa mifugo, athibitishe kwamba njia itakayotumika haina ukatili na wapigaji wana ujuzi.

"Shemeji, wewe ni wa nyumbani," alisema, akashika kitambaa, akaanza kufuta sahani ambayo nilikuwa sijaiosha.

Nikampa masharti. Wasizidi nyani kumi. Madume makubwa tu. Jike lenye mtoto lisiguswe. Na kila mpigaji apimwe shabaha mbele yangu. Akakubali yote haraka sana, na mtu anayekubali yote haraka sana huwa hajasikia hata moja.

Jaribio la shabaha lilifanyika uwanja wa mpira siku ya Jumatano. Waliweka debe umbali wa mita hamsini. Kati ya wapigaji kumi na wanne, watatu walilipata, na mmoja wao alikiri baadaye kwamba alikuwa analenga mti. Daktari wa meno alipiga mwamba wa goli. Shemeji, niseme haki yake, alilipata debe mara mbili kati ya tano.

Nikatia saini.

Nimeulizwa mara nyingi kwa nini, na kila mara natafuta jibu la kunipamba silipati. Mkurugenzi wa manispaa alinipigia simu mara mbili, hilo ni kweli. Lakini sikutishwa na mtu. Nilikuwa nimechoka tu. Nilifikiria Jumapili zote zijazo katika meza ile, shemeji amenuna, mume wangu katikati. Nikafikiria pia kwamba nyani wengine kweli walihitaji kuondolewa, kwa hiyo saini yangu haikuwa uongo mtupu, ilikuwa na chembe ya ukweli ndani yake. Chembe hiyo niliishikilia kama mtu anayeshikilia kamba iliyokatika upande wa pili.

*

Siku yenyewe, Jumamosi, saa mbili asubuhi, kando ya dampo palikuwa na mahema mawili, viti vya plastiki, bango, na kipaza sauti kilichokuwa kikisema "moja, mbili, moja, mbili" kwa nusu saa. Meya alifika na miwani mipya. Wawindaji walijipanga mstari, wote kijani kibichi, katikati ya mifuko ya nailoni myeupe, myekundu na ya bluu. Tembo angewaona akiwa nchi ya jirani.

Nyani nao waliwaona. Kundi zima lilikuwa limekaa juu ya paa la hospitali, mbali na hapo, likitutazama kama watu waliokuja mapema kwenye mechi.

Saa nne wageni walianza kupiga miayo. Ndipo bwana wa bima alipopata wazo. Likatumwa gari mjini, likarudi na magunia mawili ya mikate, ikamwagwa katikati ya dampo. Nilimfuata shemeji nikamwambia hilo halimo kwenye kibali.

"Ni motisha tu," akasema.

Madume makubwa hayakushuka. Mnyama hawi dume kubwa kwa kukimbilia mikate iliyomwagwa mbele ya bunduki kumi na nne. Walioshuka ni wenye njaa zaidi: majike yanayonyonyesha, vijana, na dume moja zee lililokuwa likichechemea.

Sitaeleza yote. Zilipigwa risasi nyingi kuliko nilizoweza kuhesabu. Tangi la maji la nyumba ya tatu lilitoboka mara mbili. Tairi la gari la taka, ambalo lilikuwa juu ya mawe mwaka mzima, hatimaye lilipata sababu rasmi ya kutotembea. Muuza majeneza alijipiga bega kwa kitako cha bunduki yake mwenyewe, akaanguka chali, akapigiwa makofi. Vumbi lilipotulia, nyani kumi na mmoja walilazwa mstari mmoja kwenye turubai: madume mawili, majike saba, watoto wawili.

Mpiga picha alikuja mbio. Alitaka meno. Akachukua kijiti, akalifumbua mdomo lile dume zee, ili lionekane lilikuwa likishambulia. Halikuwa na meno ila mawili, moja limevunjika. "Ligeuze upande huu," alisema mpiga picha, "huku lina ukali kidogo." Daktari wa meno alipiga nalo picha ya kwanza.

Shemeji alikuwa hajapiga picha. Alikuwa amesimama pembeni, bunduki mkononi, akitazama michirizi ya damu iliyotoka kwenye mikate ikaelekea mtaani.

"Kuna mmoja nimempata," aliniambia. "Lakini hakubaki."

"Mfuate basi."

"Atakufa mwenyewe huko."

"Kanuni yenu ya kwanza inasemaje?" Nilikuwa nimekisoma kile kijitabu chao, kurasa zote kumi na mbili. Kanuni ya kwanza ilikuwa kwa herufi kubwa: Mwindaji muungwana hamwachi mnyama aliyejeruhiwa.

Alinitazama kama mtu aliyedaiwa ahadi aliyoitoa akiwa na homa. Nikachukua mkoba wangu wa dawa, nikatangulia. Alinifuata, nadhani kwa aibu tu, maana Meya alikuwa anatutazama.

Damu ilituongoza vichochoro viwili, ikapita chini ya kamba ya nguo, ikaingia mlango wa nyuma wa nyumba. Mwenye nyumba alikuwa amesimama nje, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Alikuwa yule mama fundi cherehani wa barua tisa.

"Yumo jikoni," alisema. "Sasa leo ndio mmekuja?"

Jiko lilikuwa dogo: meza, friji, majiko mawili, ndoo za maji. Nyani alikuwa amekaa chini ya meza, mgongo ukutani, jike la makamo. Risasi ilikuwa imeingia tumboni upande wa chini. Alikuwa amechukua kitambaa cha vyombo, sijui kwa akili gani, akakikandamiza pale. Mkono wa pili ulikuwa umeshika mtoto mwenye siku chache tu, bado mweusi, masikio mekundu kama ya kubandikwa.

Shemeji aliishia mlangoni.

"Mmalizie, shemeji," alisema. "Wewe una sindano."

"Siwezi peke yangu. Weka bunduki chini uje umshike."

"Mimi?"

"Kuna nani mwingine? Wewe ndiye unayempenda."

Fundi alituletea pazia zito, la mteja, nusu limeshonwa. Nililitupa juu ya kichwa na mabega ya yule jike ili asing'ate, nikamwonyesha shemeji mahali pa kushika. Alipiga magoti. Vitu vilivyokuwa kwenye mifuko yake kumi na sita vikagongana kwa kelele: risasi, kisu, dira. Jike hakupigana sana. Damu ilikuwa imekwisha. Mkono mmoja ulichomoka chini ya pazia ukatafuta pa kushika, ukakipata kidole cha shemeji, ukakikamata.

"Amenishika," alisema shemeji, kwa sauti ndogo sijawahi kuisikia kwake.

"Usiutoe mkono. Tulia hivyohivyo."

Nilitafuta mshipa, nikaupata mara ya pili. Dawa hiyo haichukui muda. Shemeji alikuwa akitazama ule mkono muda wote: kucha, mikunjo ya vidole, kiganja kilichochoka kama cha mtu afuaye nguo. Uliendelea kukishika kidole chake hata baada ya mimi kusema tayari. Ilibidi niufungue mwenyewe.

Mtoto alibaki juu ya kifua cha mama yake, akivuta manyoya, akilia kwa sauti nyembamba kama ya mlango unaotaka mafuta. Nikavuta dawa nyingine kwenye sindano.

"Huyo wa nini?" aliuliza shemeji.

"Atanyonya kwa nani?"

"Tutafute maziwa. Tutafute... Huyu hana kosa, shemeji!"

"Mama yake alikuwa na kosa gani?"

Kwa mtoto mdogo vile hupaswi kukosea mshipa, nikautafuta kwanza kwa kidole. Kisha nikafanya kazi yangu.

Fundi alituangalia tukiwabeba nje ndani ya pazia lake. "Mimi niliandika nikaomba vifuniko vya mapipa," alisema, wala hakumwambia yeyote kati yetu. "Hilo tu."

*

Jumatatu Katibu alinishukia chini ya ngazi akiwa na fomu. Alitaka idadi. Nikamwambia kumi na tatu: madume mawili, majike manane, watoto watatu.

"Andika madume kumi na matatu wakorofi," alisema kwa upole. "Inakaa vizuri kwenye sentensi."

Niliandika nilivyohesabu. Chini yake nikaongeza kwamba saini yangu kwenye kibali ilikuwa kosa, kwamba wapigaji hawakuwa na ujuzi na nililijua hilo nilipotia saini. Ripoti yangu ilipelekwa kwa mchapaji, ikawekewa jalada gumu lenye picha ya daktari wa meno, ikasifiwa na watu watano ambao hawakuifungua. Alikuwepo wa sita aliyeifungua, kwa sababu wiki iliyofuata nilihamishiwa machinjioni kukagua nyama, kwa maslahi ya umma.

Si mahali pabaya. Unaamka mapema, unavaa mabuti, unachungulia maini. Wachinjaji wale hawavai nguo mpya. Hawapigi picha. Wakimaliza wananawa mikono.

Majuma mawili nyani hawakuonekana, na Meya akautangaza ushindi redioni. Juma la tatu wakarudi, wengi kuliko mwanzo: kundi jingine la ng'ambo ya mlima liliona meza imebaki bila wenyewe. Chama kikapanga Uvunaji wa Pili, safari hii na wageni waalikwa kutoka mbali.

Asubuhi moja shemeji alitokea machinjioni, amevaa viatu vyeupe, akiruka vidimbwi.

"Ule uzio wako," alisema. "Ulisema mita ngapi?"

"Mia sita na kidogo. Kwa nini?"

"Waya upo dukani umekaa tu."

Nikamwambia baraza halitapitisha, walishaukataa. Akajikuna shingo. "Wewe walikukatalia kwa sababu uliuita uzio," alisema.

Alikwenda mbele ya baraza na kuomba wajenge "eneo maalumu la uvunaji". Alisema wageni wa heshima hawawezi kuwinda mahali pasipo mpaka. Ikapita siku ileile. Kisha akasema wageni hawawezi kukanyaga uchafu na viatu vyao vizuri, hivyo takataka zifukiwe kwa udongo kila jioni. Ikapita. Trekta la manispaa, ambalo kwangu mimi lilikuwa bovu tangu enzi za Meya aliyepita, lilipona ghafla. Shemeji mwenyewe alisimamia nguzo siku nne, jasho likimtoka, pamoja na vijana wake wa duka. Mapipa yenye vifuniko aliyaita "samani za eneo". Alimpa la kwanza yule fundi cherehani, akalifikisha hadi mlangoni, na fundi akalipokea bila kumkaribisha ndani.

Siku ya Uvunaji wa Pili ilipofika, wageni walikaa ndani ya uzio mpya, juu ya udongo msafi, bunduki mapajani, tangu saa mbili hadi saa saba mchana. Hakushuka nyani hata mmoja. Hapakuwa na cha kushukia. Walikuwa wamerudi mlimani kutafuta mizizi na matunda kama nyani wengine wa duniani. Bwana wa bima alimpiga risasi kunguru, akamkosa.

Meya alishika kipaza sauti akasema kuwa hayo ndiyo matunda ya uvunaji wa kwanza: nyani sasa wana adabu. Akatangaza hafla ya kuwatunuku wawindaji vyeti.

Nilialikwa, sijui kwa bahati mbaya au kwa ukarimu. Nilikuja moja kwa moja kutoka kazini, nikakaa kiti cha nyuma kabisa, na watu wakaniachia nafasi kulia na kushoto. Shemeji aliitwa mbele. Akakipokea cheti, mtu ni mtu. Kisha wakamtaka aseme maneno mawili, na wenzake wakaanza kucheka kabla hajaanza, maana walimjua kwa hadithi zake.

"Mimi nilipiga jike lenye mtoto," alisema. "Nililipiga vibaya. Likaenda kujificha jikoni kwa mtu. Shemeji yangu ndiye aliyelimaliza, na mimi nililishika. Na mtoto pia. Ndivyo ilivyokuwa. Sina zaidi."

Wenzake waliacha kucheka. Kisha Meya akapiga makofi, akidhani hotuba imekwisha vizuri, na wote wakafuata. Katibu aliandika kwenye muhtasari: Mwenyekiti alitoa shukrani.

Shemeji aliteremka akapita safu zote za mbele, akaja kukaa karibu nami, na harufu yangu yote. Cheti alikuwa amekikunja mara nne.

"Ningesema nini kingine?" aliniuliza.

"Hakuna. Hayo yanatosha," nikamjibu.

Mimi bado nipo machinjioni. Daktari mpya wa chini ya ngazi ni kijana mpole. Nasikia wameshamletea kibali cha fisi. Jumapili iliyopita shemeji alikuja kula kwa mama yake akiwa na shati la kawaida, mfuko mmoja. Mama mkwe alimwekea paja la kuku, akalila lote na kuomba jingine, kisha akasaidia kuosha vyombo, vibaya sana, ikabidi nivioshe upya.